Kansa ya ngozi: kabla ya pomada nyingine, mgonjwa avue viatu

Katika vituo vya afya vya Kivu, Ituri na Tanganyika, mtu mwenye kidonda cha mguu ni mgonjwa wa kila wiki. Anasafishwa, anafungwa bandeji, anapewa antibiotiki na pomada, anarudi nyumbani. Wengi wanapona. Na kwa sababu wengi wanapona, wale wachache wasiopona wanazoeleka. Wanarudi mwezi baada ya mwezi, wanapewa dawa ileile, mpaka siku tezi za kinena zimevimba ndipo mtu anajiuliza kama hicho kilikuwa kidonda cha kawaida. Kati yao kuna wenye kansa ya ngozi, ugonjwa ambao redioni unaitwa pia saratani ya ngozi. Mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kuishuku si mtaalamu wa Kinshasa. Ni muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemuita IT, ao daktari anayepokea magonjwa yote katika hospitali kuu ya zone ya afya.

Kinachowachelewesha kwanza ni wazo kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaolala juani. Si uongo mtupu. Rangi nyeusi ya ngozi yetu inazuia sehemu kubwa ya miale ya jua inayoharibu ngozi, kwa hiyo kansa zinazoletwa na jua ni chache kwa mtu mweusi. Lakini vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe: doa usoni, doa mgongoni. Aliyejifunza kwa picha hizo anatafuta mahali ambapo kwetu hapana kitu. Kansa ya ngozi ya huku inakaa chini ya mguu, chini ya ukucha, pembeni ya kovu la moto, ndani ya kidonda cha miaka 10, na kwenye sikio la albino.

Chini ya unyayo

Melanoma ni kansa inayotoka kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa watu weusi inapenda zaidi mahali ambapo ngozi yenyewe haina rangi nyingi: unyayo, kiganja, na chini ya ukucha. Jua si chanzo chake hapo. Ndiyo iliyomuua Bob Marley. Mwaka 1977 iligunduliwa chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu, kidole ambacho watu walifikiri kimeumizwa tu na mpira. Alishauriwa akubali kidole kikatwe, akakataa. Akafa tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Mwanzoni haiumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Inaonekana kama doa la kahawia ao jeusi ambalo ukingo wake haukunyooka na rangi yake si moja: hapa nyeusi tii, pale kijivu, kando nyekundu. Mkulima anayeshinda shambani miguu mitupu atasema ni mwiba ulioingia siku fulani. Jirani atasema amekanyaga mtego aliowekewa na mtu mbaya. Miezi inapita, doa linainuka, linapasuka, linatoa maji na damu. Kuna nyingine ambazo hazina rangi nyeusi kabisa. Zinafanana na nyama nyekundu ya kidonda kinachotaka kupona, ao na chunjua, na hizo zinawadanganya hata madaktari wa siku nyingi.

Ukucha nao una siri zake. Watu weusi wengi wana mistari myeusi kwenye kucha kadhaa, wamekuwa nayo miaka mingi, na si ugonjwa. Kinachotakiwa kushtua ni mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba cha mkono ao cha mguu, ambao unapanuka, ao ambao weusi wake umetoka kwenye ukucha na kuingia katika ngozi inayouzunguka. Alama hiyo ya mwisho ina jina la Hutchinson, daktari Mwingereza wa karne ya 19. Kama mgonjwa anasema ni damu iliyoganda baada ya jiwe kumuangukia, kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Damu inasogea mbele pamoja na ukucha unapokua, na nyuma yake ukucha safi unaonekana. Piga picha leo, piga nyingine baada ya wiki 6. Kama weusi haukusogea ao umepanuka, si damu.

Mwaka 2010 wataalamu wa miguu na wa ngozi wa Uingereza waliandika kanuni fupi ya mambo 5, na kwa maoni yetu inafaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha bandeji cha huku kuliko picha nyingi zilizopo. Doa ao kidonda chenye sehemu isiyo na rangi ya ngozi ya kawaida. Ugonjwa ambao anayetibu hana hakika nao. Kinachotoka damu ao maji. Kinachokua ao kuharibika ingawa kinatibiwa. Kisichopona baada ya miezi 2. Yakipatikana mawili kati ya hayo 5, mgonjwa anatumwa kwa mwenye ujuzi zaidi. Ona kwamba jambo la pili halimhusu mgonjwa, linamhusu muuguzi mwenyewe. Kusema “sijui hiki ni nini” ni sababu halali ya kutuma mtu.

Kovu la moto na kidonda cha zamani

Kansa nyingine, ambayo vituo vyetu vinakutana nayo zaidi, inatoka kwenye ngozi iliyoteseka muda mrefu. Mtoto aliyeanguka ndani ya moto. Mtu wa kifafa ambaye ugonjwa ulimkamata karibu na jiko. Aliyeungua kwa petroli. Aliyepigwa risasi na mfupa ukaendelea kutoa usaha. Mwenye kidonda cha mguu kinachofunga na kufunguka tangu ujana. Kovu la namna hiyo linaweza kukaa kimya miaka 20, 30, hata zaidi, halafu siku moja linapasuka na halifungi tena. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda hivyo mwaka 1828, ndiyo maana madaktari wanaviita kwa jina lake.

Anayevifunga bandeji kila siku ndiye anayeweza kuona mabadiliko, kama anaangalia. Ukingo wa kidonda unakuwa mgumu, unainuka na kugeukia nje. Katikati zinaota nyama kama uyoga, zinazotoka damu ukizigusa na pamba. Harufu inabadilika, si ile ya usaha wa kawaida. Mgonjwa aliyezoea kidonda chake anaanza kusema kinamuuma usiku. Kidonda kilichokuwa na ukubwa uleule miaka 5 kinapanuka ndani ya miezi 3. Hakuna haja ya alama zote kuwa pamoja.

Hapa tuseme wazi: kumbadilishia mtu huyu antibiotiki mara ya nne si matibabu. Ni kupoteza muda wake na pesa zake, na mara nyingi pesa hizo zimetoka kwenye mbuzi iliyouzwa.

Kuangalia mwili wote

Uchunguzi wenyewe hauombi mashine. Unaomba mwanga, dakika kumi, na adabu. Mgonjwa anasogezwa karibu na dirisha. Anaulizwa kilianza lini, kimebadilika namna gani, kimewahi kutoka damu, na nini kimewekwa juu yake: majani, asidi ya betri, chuma cha moto, unga wa kapsuli. Aulizwe bila kumcheka wala kumgombeza, la sivyo ataficha. Halafu anaombwa avue. Kwa mama mzee, muuguzi kijana anaweza kusema tu: “Mama, samahani, naomba uvue viatu vyote viwili, nataka kuangalia nyayo zako na vidole.” Nyayo zote mbili zioshwe kwanza, kwa sababu udongo wa shamba unaficha mengi. Kati ya vidole. Kucha zote, rangi ikiwa imefutwa. Viganja, kichwa chini ya nywele, ndani ya mdomo. Mwishoni mkono unapapasa tezi: kinena kwa kidonda cha mguu, kwapa kwa kidonda cha mkono, shingo kwa kidonda cha uso. Tezi ngumu isiyouma ni habari mbaya na inabadilisha haraka ya safari.

Kisha kipimo na picha. Simu karibu kila mmoja anayo sasa. Weka kifuniko cha Bic karibu na kidonda ili ukubwa uonekane, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali, na kwa ruhusa ya mgonjwa itume kwa daktari wa hospitali kuu. Picha haimalizi kazi, lakini inaweza kumzuia mtu asisafiri bure siku mbili, ao kumfanya asafiri kesho badala ya mwezi ujao.

Kipande kinachopotea

Hakuna jicho, hata la profesa, linaloweza kuthibitisha kansa kwa kuangalia tu. Kinachothibitisha ni kipande cha nyama kilichowekwa chini ya mikroskopu, kile madaktari wanachokiita biopsi. Na hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotea, si kwa ukosefu wa mashine kubwa, bali kwa makosa madogo ya mikono.

Kosa la kwanza ni kukata na kutupa. Mtu anakuja na kitu kilichoota mguuni, anapigwa sindano ya ganzi, kinakatwa, kinaenda kwenye ndoo ya takataka. Baada ya miezi 8 kimerudi na tezi zimevimba, na hakuna anayejua kilikuwa nini. Kila kinachokatwa kwenye ngozi, hata kama kinafanana na chunjua ya kawaida, kingepaswa kwenda maabara. Kosa la pili ni kuchoma. Chuma cha moto ao asidi inafunika juu na kuacha mizizi chini, na inaharibu nyama ambayo maabara ingeisoma.

Kosa la tatu ni kuchukua kipande katikati ya kidonda kikubwa. Katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa, na jibu litarudi likisema hakuna kitu. Kipande kizuri kinatoka ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima, na kinashuka mpaka kwenye mafuta. Kwa doa jeusi linaloshukiwa kuwa melanoma, kama ni dogo, linatolewa lote pamoja na milimita 2 hivi za ngozi nzima kuzunguka, kwa sababu unene wake ndio unaoamua matibabu yote yanayofuata. Kama ni kubwa na liko chini ya unyayo, daktari anachukua sehemu iliyoinuka zaidi.

Halafu chupa. Kipande kinawekwa ndani ya formoli ya asilimia 10, ya kutosha, mara 10 ya ukubwa wa kipande chenyewe. Ndani ya maji kinaoza. Kikikauka ndani ya kompresi hakifai tena. Juu ya chupa, si juu ya kifuniko, yaandikwe jina, tarehe na mahali pa mwili palipokatwa. Karatasi inayosindikiza iseme umri, kimeanza lini, na daktari anashuku nini. Wanaosoma vipande hivyo ni wachache sana katika majimbo yetu, kwa hiyo chupa inapanda moto, basi ao mashua, na mara nyingine inavuka mpaka kwenda Kigali ao Kampala. Ikifika bila karatasi, safari yote imekuwa ya bure.

Familia nyingi zinaogopa kisu. Wanasema kansa ikiguswa inakasirika na kutawanyika. Tunaelewa inakotoka hofu hiyo: wameona watu waliokatwa nusu, bila maabara, wakafa haraka. Lakini kipande kidogo kilichochukuliwa vizuri hakitawanyi ugonjwa. Walioletwa wamechelewa wangekufa hata bila kisu, na kisu ndicho kilichobebeshwa lawama.

Madoa ya zambarau, na ngozi ya albino

Kansa ya Kaposi inajulikana Congo tangu kabla ya ukimwi. Katika miaka ya 1950 madaktari wa wakati wa ukoloni waliandika juu ya wanaume wa mashariki wenye uvimbe mweusi ao wa zambarau miguuni, na mguu mzima uliojaa. Ukimwi uliongeza wagonjwa na kuwafanya wawe wagumu zaidi. Virusi vinavyosababisha Kaposi vilitambuliwa mwaka 1994. Muuguzi akiona madoa ya zambarau yasiyowasha, ao mguu mmoja umevimba na kuwa mgumu, afungue mdomo wa mgonjwa aangalie kaakaa, na apendekeze kipimo cha VVU siku hiyohiyo. Kwa mwenye virusi, dawa za ARV peke yake zinaweza kupunguza madoa kama ugonjwa uko mwanzoni. Ukiwa mkubwa, dawa za kansa zinaongezwa. Jambo moja la kukumbuka: pomada na vidonge vya kotizoni vinaweza kuizidisha Kaposi.

Kwa watu wenye ualbino habari ni tofauti kabisa, kwa sababu kwao jua ndilo adui. Ikweta inapita karibu na Butembo, na Bukavu iko kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari, mahali ambapo miale ina nguvu kuliko bondeni. Albino anayelima ao anayeuza barabarani bila kujifunika anaweza kupata kansa akiwa na miaka 20 na kitu tu. Inaanza na sehemu ngumu, kavu, zinazokwaruza kama karatasi ya msasa, kwenye masikio, midomo, shingo na mgongo wa mkono. Katika hatua hiyo inatibika kituoni ao hospitalini bila upasuaji mkubwa, kwa baridi ya azoti ao kwa kremu maalum. Kwa hiyo albino asingoje kuugua. Aangaliwe ngozi yote angalau mara mbili kwa mwaka, tangu utoto. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote, maana ile ya michezo inaacha masikio na shingo nje, na hapo ndipo kansa inapoanzia. Mikono mirefu, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na kremu ya kuzuia jua yenye nguvu ya 30 ao zaidi. Kremu hiyo ni ghali huku. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC inatengeneza yake kwa ajili ya albino, mfano ambao majimbo yetu yangeweza kuiga.

Na kwa kuwa tuko kwenye kremu: wale wanaojichubua wanajiondolea wenyewe ulinzi waliozaliwa nao. Madaktari wa ngozi wa Dakar wameandika juu ya wanawake waliopata kansa shingoni baada ya miaka mingi ya kremu za kung'arisha ngozi.

Baada ya jibu

Karatasi ya maabara ikirudi na neno kansa, kazi inahamia kwa daktari mpasuaji, lakini kituo cha karibu hakijamaliza. Kwa melanoma nyembamba, isiyozidi milimita 1, inakatwa ngozi ya sentimita 1 kuzunguka, na mgonjwa ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa iliyozidi milimita 2, sentimita 2, na tezi zinachunguzwa. Kidonda cha kovu la moto kilichofika kwenye mfupa mara nyingi kinaomba kukata mguu. Hapo ndipo familia inakimbia hospitali, na hapo ndipo IT anayewajua kwa majina ana kazi ambayo mpasuaji hawezi kuifanya: kwenda nyumbani, kukaa na mume, mama mkwe na mchungaji wa kanisa, na kueleza kwamba mtu mwenye mguu mmoja anaweza kuona wajukuu.

Kuna watakaofika wamechelewa. Hao nao wana haki ya kutunzwa. Kidonda kinachonuka kinatulizwa na metronidazoli: kidonge kinasagwa na unga wake unanyunyiziwa juu ya kidonda kila wakati wa kubadilisha bandeji, na ndani ya siku chache familia inaweza kukaa tena chumba kimoja na mgonjwa. Maumivu yanapandishwa ngazi: parasetamoli, halafu tramadoli, halafu mofini ya kunywa pale inapopatikana. Kusema “rudisheni mgonjwa nyumbani, hakuna la kufanya” si kweli.

Kwa aliyepasuliwa melanoma, arudi kila miezi 3 katika miaka 2 ya kwanza, kwa sababu ugonjwa ukitaka kurudi mara nyingi unarudi katika muda huo. Daktari anaangalia kovu, nyayo zote mbili na tezi. Nyumbani, mtoto mwenye macho mazuri amsaidie mzazi kuangalia chini ya miguu mara moja kwa mwezi. Na karatasi ya maabara isibaki ofisini peke yake. Katika eneo ambalo watu wanakimbia vita na hospitali zinaporwa, mgonjwa apewe kopi ndani ya plastiki, na picha yake iwe kwenye simu za ndugu wawili ao watatu, ili daktari wa mji atakaofikia asianze tena na pomada.